Sudoku: uanze na namba au uanze na chumba?

Kwenye kazi yangu hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ya kukimbiza karatasi za mizigo ya watu, kungoja ni nusu ya kazi. Lori limefika, dereva ametandika mkeka chini ya trela, utingo ameenda kutafuta chapati na mayai, na mimi niko kwenye benchi nangoja jibu kutoka kwa kompyuta nisiyoiona. Wenzangu hucheza ludo. Wazee wana ubao wao wa omweso, bao la Uganda. Mimi na dereva mmoja wa Mombasa, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, tunajaza Sudoku.

Yeye hujaza kwa biro, mimi kwa penseli. Kwa muda mrefu nilidhani biro yake ni maringo tu, mpaka siku tuliyotoa fotokopi mbili za fumbo moja tukakaa kila mtu na lake. Alimaliza nikiwa bado naandika vinamba vyangu kwenye pembe za vyumba. Siku ya pili tukachukua fumbo gumu zaidi. Hapo mzee akakwama katikati, akaikunja karatasi akaitia chini ya kiti cha lori. Mimi nilimaliza jua likizama. Ndipo nikaanza kuzilinganisha njia zenyewe, kila moja inakupa nini na inakudai nini.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: kuna vyumba vidogo 81. Mistari ya kulala ni 9, ya kusimama ni 9, na maboksi ya vyumba tisa tisa, vitatu kwa vitatu, ni 9. Kila mstari na kila boksi lazima liwe na namba 1 mpaka 9, kila namba mara moja. Hesabu hakuna. Ungeweza kuweka ndizi, muhogo, mtama na mazao mengine sita badala ya namba, na mchezo ungekuwa uleule.

Mpangaji au mlango

Huku Uganda chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo. Mwenye mizigo hiyo ana namna mbili za kuijaza. Anaweza kumshika mpangaji mmoja mkono akamzungusha mlango kwa mlango: hapa yupo ndugu yako, hapana; hapa kumejaa, hapana; basi lala hapa. Au anasimama kwenye mlango mmoja na kuita majina yote tisa, aone ni nani asiye na kizuizi. Karibu mbinu zote za Sudoku, hata zile zenye majina ya kutisha, ni matawi ya hizi mbili.

Ya kwanza ndiyo namba inatafuta chumba. Tazama maboksi matatu ya juu. 7 imo kwenye boksi la kushoto, mstari wa kwanza. Imo pia kwenye boksi la kati, mstari wa pili. Boksi la kulia nalo linataka 7 yake, na mistari miwili imeshachukuliwa, kwa hiyo 7 hiyo lazima iwe mstari wa tatu. Ndani ya boksi hilo mstari wa tatu una vyumba vitatu: kimoja kina 2, kingine kina 9. Kilichobaki ni cha 7. Hukuandika kitu pembeni, wala hukuweka kitu kichwani zaidi ya namba moja.

Ya pili ni chumba kinatafuta namba. Umesimama kwenye chumba kimoja kitupu. Mstari wake wa kulala una 1, 4 na 6. Wa kusimama una 2, 8 na 9. Boksi lake lina 3 na 5. Namba nane zimefungiwa mlango, 7 peke yake ndiyo inayoingia.

Majibu yote mawili yana uhakika sawa. Tofauti iko kwenye macho. Kila chumba kinatazamana na vyumba vingine 20: vinane vya mstari wa kulala, vinane vya kusimama, na vinne vya boksi ambavyo hujavihesabu bado. Ukisimama mlangoni lazima upitie vyote 20, ukusanye namba tofauti, ukumbuke ipi umeiona na ipi hujaiona. Ukitembea na namba moja, jicho linatafuta umbo moja tu, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharage. Ndiyo maana mzee wa biro anakimbia. Anaanza na namba iliyotokea mara nyingi zaidi kwenye fumbo, anaizungusha maboksi yote tisa, kisha anashika nyingine, na akifika mwisho anarudi mwanzo kwa sababu kila aliyoiweka imewafungia wengine milango.

Kwa fumbo jepesi na la kati, mimi sasa naanza kama yeye, bila penseli. Nakwenda mlangoni pale tu mstari au boksi linapokuwa na mapengo mawili au matatu, au chumba kinapokaa kwenye njia panda ya mstari uliojaa na boksi lililojaa. Hapo kuita majina ni kazi ya sekunde chache.

Ila njia ya mpangaji ina upofu wake. Kuna mafumbo ambamo namba yoyote utakayoizungusha ina vyumba viwili au zaidi katika kila mstari na kila boksi, huku kona fulani kuna chumba kinachokubali namba moja tu, na hakuna kitu kinachopiga kelele kukuita huko. Ndipo mzee alipokwama siku ile. Karatasi yake niliiona baadaye: chumba hicho kilikuwa wazi kabisa, amekipita labda mara kumi.

Vinamba vya penseli: vyote au nusu

Watu wengi tukikwama tunakimbilia kuandika, ndani ya kila chumba kitupu, namba zote ambazo bado zinaweza kuingia. Nilifanya hivyo miaka mingi, tena tangu mwanzo wa fumbo, na nadhani lilikuwa kosa langu kubwa. Hebu hesabu. Fumbo likija na namba 25, vyumba vitupu ni 56. Kila kimoja kikiwa na wastani wa vinamba vitatu, umeandika vinamba 168 kabla hujapata jibu hata moja. Na kazi haikuishia hapo. Kila unapoweka namba kubwa unapaswa kuifuta ndogo yake katika vile vyumba 20 vinavyotazamana nayo. Ukisahau kimoja, kinamba hicho kinabaki kama shahidi wa uongo, na utakuja kumwamini baadaye ukiwa umechoka.

Faida zake ni za kweli lakini. Chumba chenye jibu moja kinajionyesha chenyewe, hakihitaji kuita majina. Jozi zinaonekana. Na ukiitwa ghafla ukakimbie na faili, ukirudi baada ya saa nzima kila kitu kipo palepale kwenye karatasi. Kwa mtu anayekatizwa katizwa kama mimi, hilo si jambo dogo.

Kuna njia ya katikati, ninayoiita nusu, na ningetamani mtu angenionyesha mapema. Inabeba jina la Thomas Snyder, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa Sudoku mwaka 2007, 2008 na 2011. Kanuni yake ni fupi: tazama boksi moja moja, na andika kinamba pale tu namba hiyo inapokuwa na vyumba viwili tu ndani ya boksi hilo. Ikiwa na vitatu au zaidi, acha, usiandike kitu.

Uzuri wake unauona baada ya dakika tano. Karatasi inabaki nyeupe. Kila kinamba unachokiona kina pacha wake ndani ya boksi, kwa hiyo chumba kimoja kikijazwa na namba nyingine, pacha anakuwa jibu papo hapo. Na namba mbili zikiangukia vyumba vilevile viwili, umepata jozi bila kuitafuta: vyumba hivyo ni vya hizo mbili, wengine wote wa boksi watafute pengine. Kufuta nako kunapungua, maana vinamba vyenyewe ni vichache.

Kasoro yake ni kwamba ni njia ya mpangaji ileile, imepewa penseli tu. Mlango wenye jibu moja haikuonyeshi. Kundi la namba tatu katika vyumba vitatu mara nyingi haikuonyeshi pia. Kwa hiyo kwenye fumbo gumu itafika mahali ikanyamaza.

Nikilinganisha, nasema hivi: kwenye karatasi anza na nusu, na usihamie vinamba vyote mpaka nusu imekwisha kabisa. Ukihamia wakati vyumba vitupu vimebaki 30, umeandika vinamba 90 hivi badala ya 168, na vingi kati yake vitakusaidia. Kwenye simu hukumu inageuka. Programu nyingi zinajaza vinamba vyote kwa mguso mmoja na zinavifuta zenyewe unapoweka namba, kwa hiyo gharama niliyoilalamikia haipo tena. Huko jaza vyote. Jambo moja tu: zima ile alama nyekundu inayokuambia umekosea. Inageuza fumbo kuwa kubonyeza namba tisa mpaka moja ikubali, na hapo heri ucheze ludo.

Kidole, jozi na mabawa

Baada ya hizo za msingi kuna mbinu za kupunguza: hazikupi namba, zinaondoa mahali ambapo namba haiwezi kukaa. Hapa watu wengi hukimbilia yenye jina kubwa wakaacha yenye kazi.

Yenye kazi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ninayoiita kidole. Ndani ya boksi fulani 5 inaweza kukaa vyumba viwili tu, na vyote viwili viko kwenye mstari mmoja wa kulala. Hujui ni kipi kati yake. Lakini unajua 5 ya mstari huo imo ndani ya boksi hilo, kwa hiyo maboksi mengine mawili ya mstari huo hayawezi kuweka 5 yao hapo. Boksi linanyoosha kidole hata kabla ya kujua jibu lake. Nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu inafanyika kwa biro, kichwani, wakati unazungusha namba. Mzee huifanya bila kujua ina jina. Ukiwa na vinamba vya nusu unaiona hata haraka zaidi: mapacha wawili wamelala mstari mmoja.

Jozi ndiyo ya pili. Vyumba viwili vya mstari mmoja kila kimoja kinakubali 3 na 8 tu. Ipi iko wapi hujui, lakini 3 na 8 za mstari huo zimekwisha. Chumba cha tatu kilichokuwa na 3, 5 na 8 sasa ni 5. Jozi ya namna hii inataka vinamba vyote, vinginevyo huioni. Ina ndugu yake aliyejificha: katika boksi, 4 na 9 hazina pa kwenda ila vyumba viwili, ingawa vyumba hivyo vimejaa vinamba vingine vingi. Futa hivyo vingine vyote. Huyu aliyejificha ni mgumu kuonekana katika msitu wa vinamba vyote, lakini katika vinamba vya nusu anakaa mbele yako mchana kweupe, maana ndiye yule wa namba mbili katika vyumba vilevile viwili. Kwa hiyo hata jozi zinategemea ulichagua kuandika nini.

Namba tatu katika vyumba vitatu hufanya kazi vivyo hivyo, na kosa la wengi ni kungoja kila chumba kiwe na zote tatu. Si lazima. Kimoja kikiwa na 2 na 5, cha pili 5 na 7, cha tatu 2 na 7, kundi limetimia.

Kisha yale mabawa, ambayo dunia nzima huyaita X-Wing. Tuseme 6 katika mstari wa kulala wa pili inaweza kukaa mahali pawili tu, mstari wa kusimama wa 3 au wa 8. Na katika mstari wa kulala wa saba hali ni hiyohiyo, wa 3 au wa 8. Basi ikiwa ya juu iko kwenye wa 3, ya chini iko kwenye wa 8, au kinyume chake. Kwa vyovyote mistari hiyo miwili ya kusimama imeshapata 6 zake, na 6 nyingine zote ndani yake zinafutwa. Ni mbinu nzuri, na siku ya kwanza uliyoiona utataka kumwonyesha kila mtu kwenye foleni. Ila mimi naitumia mara chache sana. Kabla ya kuitafuta, rudi kwenye kidole na jozi mara moja zaidi. Mara nyingi kuna moja uliyoiruka. Zile za mistari mitatu nazijua, sizitafuti.

Kubahatisha

Mzee anasema kubahatisha ni aibu. Mimi sioni aibu, naona hasara. Chukua chumba chenye namba mbili, weka moja, endelea. Ikigonga ukuta, yaani mstari mmoja ukapata namba mbili zinazofanana au chumba kikakosa mtu, ile nyingine ndiyo sahihi, na huo ni ushahidi kamili. Shida ni kukumbuka ulipoanzia. Kwa biro haiwezekani. Kwa penseli inawezekana ukiweka nukta pembeni ya kila ulichojaza baada ya kubahatisha, ili ujue cha kufuta.

Kompyuta hufanya hivyo bila kuchoka: inajaribu, inagonga, inarudi, inajaribu tena, na inamaliza kufumba na kufumbua. Binadamu mwenye chai inayopoa hana subira hiyo. Nikibahatisha nachagua chumba ambacho jibu lake litasukuma wengine mara moja, chenye jozi zinazogusana nacho, sio chumba cha pembeni ambacho kitanipeleka hatua kumi na mbili kabla ya kuniambia nimekosea.

Wacheza omweso hupenda njia hii, na naelewa kwa nini. Ubao wao una mashimo 32 na kete 64, na asiyeweza kuona kete zitaishia wapi baada ya mizunguko miwili hadumu. Lakini kule kuna mtu upande wa pili anakujibu. Sudoku haikujibu, imekaa kimya inakungoja, na fumbo lililotengenezwa sawasawa lina jibu moja tu. Kuangalia mbele sana mara nyingi ni kuruka kitu kilicho chini ya pua.

Hapa asili ya fumbo ina maana. Mchezo ulianza Marekani, kwenye jarida la mafumbo la Dell mwaka 1979, na aliyeutunga anaaminika kuwa Howard Garns, mbunifu wa majengo wa Indiana. Kampuni ya Nikoli iliuingiza Japani mwaka 1984, na ndiko ulikopata jina. Huko walijenga desturi ya kutunga kwa mkono, namba za mwanzo zikipangwa kwa ulinganifu, na fumbo la mkono mara nyingi lina njia: ukipata moja, inakuongoza kwa ya pili. Kisha Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong aliyezaliwa New Zealand, akaandika programu ya kuyazalisha, na gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa Novemba 2004. Fumbo la mashine haliahidi njia ya kupendeza. Linaweza kuwa na mlango mmoja tu uliofichwa kona, kisha likafunguka lote kwa mpigo. Nikijua fumbo limetoka kwa mashine, navuta vinamba vyote mapema kidogo. Nikiona limepangwa vizuri kwa ulinganifu, nampa mpangaji nafasi ndefu zaidi.

Na usipime ugumu kwa kuhesabu namba ulizopewa. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja haliwezi kuwa na namba chini ya 17. Kuna mafumbo ya 17 ambayo yanakwisha kwa kuzungusha namba tu, na yapo ya 25 yatakayokulaza na njaa.

Siku hizi mimi na mzee tumegawana. Anaanza yeye kwa biro akiwa njiani, pale lori linaposimama. Akifika Malaba ananikabidhi karatasi ilipokwamia, nami naichukua kwa penseli. Mara ya mwisho nilikaa nayo mchana mzima, nikaandika vinamba vya nusu, nikahamia vyote, nikatafuta kidole, jozi, hata mabawa. Ikagoma. Nilipoamua kubahatisha ndipo nikaona 4 mbili kwenye mstari wa sita, zote za wino wa bluu. Nilimpelekea chini ya trela. Akavaa miwani, akaitazama karatasi muda mrefu, akasema barabara ya kutoka Bungoma ina matuta.